Nimepata kazi ya kufundisha ughaibuni, lakini wakala anataka nifiche ndoa yangu

BARUA

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa kemia na fizikia, nina umri wa miaka 34, na kwa miaka minane nimefundisha katika shule binafsi mkoani Arusha, mwanzoni kwa mtaala wa Tanzania na baadaye kwa mtaala wa Cambridge, ambako ninawaandaa wanafunzi kwa IGCSE, mitihani ya kimataifa ya sekondari. Nimeolewa, na tuna mtoto mmoja wa kiume mwenye umri wa miaka saba. Mume wangu si mwalimu. Ana karakana ya useremala nje kidogo ya mji, ameajiri mafundi wanne, na meza na vitanda vyake vya mninga vinajulikana kiasi kwamba oda nyingi humfikia kwa kuelekezana tu.

Nilianza kutafuta kazi nje ya nchi baada ya kukaa miaka mingi kwenye ofisi moja na walimu walioajiriwa kutoka ng'ambo. Tunafundisha madarasa yaleyale na kusahihisha madaftari yaleyale, lakini wao wana nyumba, tiketi za ndege na mshahara ambao mimi sitaufikia hata nikikaa hapa miaka ishirini, kwa sababu mimi niliajiriwa kama mtu wa hapa hapa. Sina kinyongo nao. Nilijiuliza tu kwa nini na mimi nisiwe mwalimu wa kutoka nje katika nchi ya watu wengine.

Nikajiandikisha kwenye mitandao ya ajira za shule za kimataifa na kutuma maombi mengi. Nilichokiona kilinivunja moyo. Matangazo kadhaa yalisema wazi kwamba shule inapendelea wanandoa ambao wote ni walimu. Shule nyingine zilianza mawasiliano vizuri, lakini nilipoeleza kwamba nitakuja na mume asiye mwalimu pamoja na mtoto, zikanyamaza. Nimefikia kuamini kwamba mume wangu, bila kosa lolote, ndiye sababu ya milango hiyo kufungwa, na mawazo hayo yananiumiza hata ninapomtazama akila chakula cha jioni.

Sasa shule moja katika Falme za Kiarabu, niliyounganishwa nayo na wakala wa Dar es Salaam, imenifanyia mahojiano kwa video na kunipa kazi kuanzia mwezi Agosti. Mshahara ni dirham 9,000 kwa mwezi, tiketi moja kwa mwaka, bima ya afya yangu, na makazi ambayo ni chumba katika nyumba ninayochangia na mwalimu mwingine wa kike. Mtoto wa mwalimu hupata punguzo la nusu ya ada. Kabla ya mkataba wameniletea fomu inayouliza hali ya ndoa na watu nitakaokuja nao. Wakala ananishauri niandike kwamba sijaolewa, nifike, nizoee, halafu niwaite familia baadaye kimya kimya. Anasema wote hufanya hivyo. Anadai pia shilingi 1,500,000 za kufuatilia viza. Fomu inatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi.

Nilipomweleza mume wangu alicheka kidogo, kisha akasema, "Nenda wewe, mimi na mtoto tutabaki." Hajaligusa tena suala hilo. Mama mkwe naye amesema hajawahi kuona mwanamume akifungashwa kwenye mizigo ya mke. Rafiki yangu aliyeko Kigali ananiambia kuna shule huko inatafuta mwalimu wa kemia, kwa mshahara unaozidi wa hapa kidogo tu. Mwalimu mwenzangu naye ananivuta kuelekea China, akisema huko ndiko kwenye fedha.

Niandike nini kwenye fomu ile? Niende peke yangu nikamwache mtoto wa miaka saba? Au niachane na ndoto hii kwa sababu nimeolewa na mtu asiyeshika chaki?

Mwalimu wa Kemia, Arusha

JIBU

Marahaba, mwalimu. Barua yako nimeisoma kwa utulivu, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba unabeba maswali matatu katika mzigo mmoja. Kuna swali la ukweli, yaani fomu ile na ushauri wa wakala. Kuna swali la hesabu, yaani kama mshahara na masharti hayo yanaweza kuibeba familia ya watu watatu katika nchi ya gharama. Na kuna swali la nyumbani kwako, ambalo umelieleza kwa maneno machache zaidi kuliko mengine, ingawa nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Ninayatenganisha kwa sababu majibu yake hayapatikani mahali pamoja, na kwa sababu fomu inaweza kujazwa leo jioni huku swali la nyumbani likihitaji wiki kadhaa za mazungumzo.

Hata hivyo, kabla ya fomu, niruhusu niliulize hilo unaloliamini, kwamba mume wako ndiye aliyezifunga zile shule. Ni kweli kwamba shule za kimataifa hupenda wanandoa walimu, na sababu yake ni ya kihasibu: wanandoa wa namna hiyo huishi katika nyumba moja na kufundisha madarasa mawili, wakati mwenzi asiye mwalimu huongeza viza, bima na tiketi bila kuongeza somo kwenye ratiba. Lakini shule iliyokaa kimya haikukuambia kwa nini imekaa kimya. Inawezekana ilipata mtu mapema, kwa kuwa shule nyingi zinazofungua mwaka wa masomo mwezi Agosti huanza kuajiri mwezi Oktoba au Novemba uliotangulia. Inawezekana ilitaka cheti cha ualimu kinachotambulika Uingereza au Marekani. Na inawezekana pia, nalisema kwa uchungu, kwamba baadhi ya shule hutazama pasipoti kabla ya kutazama wasifu, na Mwafrika anayefundisha kwa Kiingereza kizuri kabisa huwekwa kando kwa sababu ya alikozaliwa. Hayo yote hayana uhusiano na useremala. Ukiendelea kumbebesha mume wako lawama ambazo huna ushahidi nazo, utaketi naye mezani ukiwa na hukumu ambayo yeye hajui kuwa imeshatolewa.

Kuna upande mwingine ambao matangazo hayausemi. Kila mwalimu anayeondoka baada ya mwaka mmoja huigharimu shule tiketi mpya, viza mpya na miezi ya wanafunzi kumzoea mtu mpya, na mwalimu mwenye familia iliyotulia ana sababu zaidi ya kubaki. Nawe unafundisha kemia na fizikia hadi kiwango cha mitihani ya Cambridge, masomo ambayo shule nyingi duniani hupata shida kuyajazia walimu. Una jambo la kuweka mezani, na sikuona popote katika barua yako kwamba umejaribu kuliweka.

Sasa fomu. Wakala anasema uandike kwamba hujaolewa, kisha familia ije baadaye. Jiulize itakujaje. Katika Falme za Kiarabu, mkazi kwa kawaida humdhamini mwenzi na mtoto wake kwa kuonyesha mshahara usiopungua dirham 4,000, au 3,000 pamoja na makazi, na hueleza hayo kwa barua ya mshahara inayotoka kwa mwajiri. Hupeleka pia cheti cha ndoa kilichothibitishwa hapa nyumbani na Wizara ya Mambo ya Nje, kisha na ubalozi wao Dar es Salaam. Cheti hicho kina tarehe. Ofisi ileile iliyopokea fomu inayosema hujaolewa ndiyo itakayoombwa barua ya kumleta mume uliyefunga naye ndoa miaka mingi kabla ya fomu hiyo. Na yote haya huenda yakatokea ukiwa katika kipindi cha majaribio, ambacho sheria ya kazi ya huko inaruhusu kifikie miezi sita.

Fikiria pia mtu anayeisoma fomu hiyo. Tangu mwaka 2014, ulipoundwa ushirikiano wa kimataifa wa kulinda watoto katika shule za kimataifa, shule makini zimekaza sana uchunguzi wa watu zinaowaajiri: hupiga simu kwa waliowahi kukusimamia, hudai cheti cha tabia njema cha polisi, na hulinganisha tarehe moja na nyingine. Taarifa isiyolingana humtia shaka mchunguzi hata kama haihusu watoto kabisa. Mimi binafsi siogopi zaidi kufukuzwa kwako. Naogopa miezi utakayoishi katika nyumba ya kuchangia ukiwa mama asiyeweza kulitaja jina la mwanawe mbele ya wenzake, ukishusha sauti anapopiga simu. Sijui kama wakala amelifikiria hilo. Ulifikirie wewe.

Kuhusu fedha anazodai, sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe moja kwa moja au kwa njia ya mtu mwingine. Muulize wakala hiyo shilingi 1,500,000 inalipia nini hasa, akupe kwa maandishi, na uiulize shule yenyewe kama inajua kwamba unatozwa. Wakala wa ajira hapa Tanzania anapaswa kuwa na leseni ya Kamishna wa Kazi, na kuomba kuiona si utovu wa adabu. Uthibitishaji wa vyeti vyako ni gharama halali ambayo huenda ukailipa mwenyewe, lakini hiyo hulipwa kwenye ofisi husika na kupewa risiti.

Tuje kwenye hesabu. Dirham imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.6725, kwa hiyo mshahara wako ni kama dola 2,450 kwa mwezi, na huko mshahara haukatwi kodi ya mapato. Kwa mtu mmoja aliyepewa chumba, hiyo ni fedha ya kuwekeza nyumbani. Kwa watu watatu ni habari nyingine, kwa sababu chumba ulichopewa hakiwezi kuwapokea, na nje ya makazi ya shule kodi ya nyumba hulipwa mara nyingi kwa hundi chache kwa mwaka, jambo linalodai fedha nyingi kabla hujapokea hata mshahara wa tatu. Mtoto wa mgeni kwa kawaida husoma shule binafsi, kwa hiyo nusu ya ada inayobaki ni mzigo halisi, na bima yake na ya baba yake ni mzigo mwingine. Kwa mantiki hii, ukweli kwenye fomu una faida: ukishasema kwamba una familia, unaweza kuuliza kama shule itakubali kukupa posho ya nyumba badala ya chumba, kama punguzo la ada linaweza kuongezwa, kama ipo nafasi katika darasa la umri wa mwanao, na kama watawakatia bima wote watatu hata kama gharama ya wawili itatoka kwenye mshahara wako. Anayejiandika hana familia hawezi kuuliza hata moja ya hayo. Wanaweza kukataa. Wanaweza hata kuiondoa kazi yenyewe, na nisingekuwa mkweli kwako kama ningeificha hatari hiyo. Lakini shule itakayoondoa kazi kwa kusikia kwamba mwalimu wake ana mtoto ingekupokea namna gani mtoto huyo akiugua katikati ya muhula?

Uliza pia jambo hili mapema. Mwanamke anayemdhamini mumewe au mtoto wake huko huweza kuombwa nyaraka za ziada, ikiwemo barua ya mume ya kuridhia mtoto aishi na mama, na taratibu hutofautiana kutoka emirate moja hadi nyingine, yaani zile falme ndogo zinazounda nchi hiyo. Idara ya rasilimali watu ya shule inaweza kukueleza, maana huwa si mara yao ya kwanza kuajiri mama.

Mume wako naye angefanya nini huko? Umeandika kana kwamba jibu ni kukaa bure, na sidhani kama ni lazima iwe hivyo. Mwenye ukaazi wa familia katika Falme za Kiarabu anaruhusiwa kuajiriwa, ilimradi mwajiri amwombee kibali cha kazi wizarani. Ugumu uko mahali pengine. Yeye leo ni mwenye karakana. Huko hawezi kuchukua oda za watu mitaani bila leseni ya biashara, na kazi atakayoipata kwa urahisi ni ya kuwa fundi chini ya mtu mwingine, kwa ujira ambao pengine hautamridhisha. Wapo wanaume wanaoweza kuishi hivyo kwa miaka miwili kwa sababu wanajua wanajenga nini, na wapo ambao ndani ya miezi mitatu hubadilika wakawa watu wengine. Yeye peke yake ndiye anayejua yuko upande gani, na karakana yake nayo ina mafundi wanne wenye familia, mbao alizokwisha kuzilipia na wateja waliotanguliza fedha. Je, yuko fundi mkuu anayeweza kuachiwa funguo?

Kuhusu China nitasema kwa kifupi. Huko mwenzi anayefuata kwa viza ya familia haruhusiwi kufanya kazi, shule za serikali hufundisha kwa Kichina, na tofauti ya saa na nyumbani ni tano. Mshahara mkubwa unaweza kufidia mengi, lakini kwa familia yenye fundi wa mikono na mtoto wa darasa la pili naona ni njia inayodai zaidi kuliko mwenzako anavyoieleza.

Uingereza hukuitaja, nami naitaja kwa sababu walimu wengi wa sayansi huiulizia. Faida yake kwa watu wa hali yako ni kubwa: mwenzi wa mwalimu mwenye viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi anaruhusiwa kufanya karibu kazi yoyote, na mtoto husoma shule ya serikali bila ada. Gharama yake hulipwa mwanzoni. Tangu Februari 2024 tozo ya huduma ya afya ni pauni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto kwa kila mwaka wa viza, na hulipwa kwa mkupuo. Kwenu watatu, kwa viza ya miaka mitatu, hiyo ni pauni 8,538 kabla ya kununua tiketi. Shule za serikali za Uingereza hutaka zaidi walimu wenye hadhi ya ualimu inayotambulika nchini humo, na ipo njia ya kuipata ukiwa nje kwa programu zinazotolewa na vyuo vilivyoidhinishwa. Hiyo si njia ya Agosti hii. Ni ya kuwekewa akiba.

Kigali umeitaja kama vile unaiomba radhi, kwa sababu mshahara wake unazidi wa Arusha kidogo tu. Mimi ningeitazama mara mbili. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inamruhusu mfanyakazi kwenda na mwenzi wake na watoto, na inatambua haki ya mwenzi huyo kuajiriwa au kujiajiri. Utekelezaji una taratibu zake katika kila nchi, na mtalazimika kuzifuata, lakini hapa ndipo seremala anaweza kwenda akiwa seremala. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na safari ya kurudi Arusha kukagua karakana inawezekana kwa basi. Kama mkataba wenyewe ungekuwa wa mwalimu wa kutoka nje, wenye nyumba na ada ya mtoto, hesabu ya familia nzima ingeweza kuwa karibu zaidi na ile ya Falme za Kiarabu kuliko mishahara miwili inavyoonekana ikiwekwa sambamba. Na mwaka au miaka miwili ya kufundisha nje ya nchi yako huandikwa kwenye wasifu, popote ulipofanyia. Hatari yake ni kwamba huenda usiweke akiba ya kujengea, na ukajikuta baada ya miaka miwili umehama bila kusogea. Omba mkataba uusome kabla ya kuidharau au kuikimbilia.

Sasa nifike pale ulipopita haraka. Umesema mume wako alicheka, akasema nenda wewe, kisha akanyamaza. Umesema alivyonyamaza, lakini hukusema kwamba umemuuliza. Maneno "nenda wewe, mimi na mtoto tutabaki" yanaweza kuwa baraka ya mtu anayekuamini na anayejiamini kumlea mwanawe. Yanaweza kuwa maneno ya mtu aliyeumia na asiyetaka kuonekana ameumia. Yanaweza pia kuwa hesabu ya mfanyabiashara aliyeona papo hapo kwamba karakana haiwezi kufungwa mwezi Agosti. Mimi siwezi kujua, na wewe nawe, naona, umechagua tafsiri moja na kuishi nayo. Ungemuuliza bila fomu mezani na bila mama mkwe sebuleni: angependa nini kama fedha zisingekuwa suala, anaogopa kupoteza nini, na ni muda gani anaona unavumilika. Umweleze na wewe unachokiogopa, hata yale mawazo ya kumlaumu, kwa maneno ya upole.

Mama mkwe amesema la wazazi wa kizazi chake, na huenda ndani yake mna hofu ya kumkosa mjukuu kuliko heshima ya mwanamume. Lakini asijibiwe na wewe. Mwanawe ndiye anayefaa kuzungumza naye, mkishakubaliana ninyi wawili.

Ukienda peke yako, mtoto hataachwa porini. Atakuwa na baba yake. Naliandika hilo kwa sababu umeuliza kama "umwache mtoto wa miaka saba," kana kwamba hakuna mzazi mwingine. Falme za Kiarabu ziko mbele ya Tanzania kwa saa moja tu, kwa hiyo unaweza kumsikiliza akisoma kila jioni kabla hajalala, na likizo ndefu ya shule ni ya Julai na Agosti. Ni kweli vilevile kwamba simu haimkumbatii mtoto mwenye homa, na kwamba ndoa zilizokaa mbali hudhoofika taratibu bila mtu kugombana. Wanaofanikiwa, kwa niliyoyaona katika kazi hii, huwa wamepanga mwisho wa utengano kabla ya kuuanza, na wameuandika: baada ya kipindi cha majaribio tunaamua hivi, baada ya mwaka wa kwanza tunaamua vile, na mmoja akisema hawezi tena, hatubishani.

Na akienda nawe, mtoto atajifunza Kiarabu kama somo la lazima na atafuata kalenda inayoanza Agosti, wakati hapa nyumbani mwaka wa shule huanza Januari kwa mtaala ulioboreshwa unaoingizwa hatua kwa hatua tangu 2024. Kama mnakusudia kurudi baada ya miaka miwili, ulizeni shule yake ya sasa ataingizwa darasa gani, na mwekeeni vitabu vya Kiswahili sandukuni.

Kwa wiki hii, kitu kimoja kina tarehe, nacho ni fomu. Unaweza kuiandikia shule moja kwa moja, si kupitia wakala, ukawashukuru, ukaeleza kwamba umeolewa na una mtoto mmoja, kwamba familia inafikiria kati ya kuja pamoja na kukufuata baadaye, na kwamba unaomba kujua masharti yao kwa kila hali kabla ya kusaini. Barua kama hiyo haikufungi kwenda wala kubaki. Au unaweza kuamua, baada ya kuzungumza na mume wako, kwamba fomu hiyo haifai kujazwa kabisa mwaka huu, ukarudi sokoni mwezi Oktoba msimu unapofunguka, ukiwa na maombi yanayotaja familia yako tangu mstari wa kwanza na kuonyesha matokeo ya wanafunzi wako. Kuna wanaosema useme mapema na kuna wanaosema usubiri hadi mahojiano. Mimi naelekea upande wa mapema kwa mtu mwenye mtoto, lakini ninajua kuna walimu wema waliofanya vingine na wakafika salama.

Mkishazungumza, niandikie tena, mwalimu. Na ningefurahi kama safari hiyo mume wako naye angeandika kurasa zake mwenyewe, maana katika barua hii nimemsikia kwa sentensi moja tu, na ningependa kujua analionaje jambo hili akiwa karakanani kwake.